Mkono wa Kushoto wa Shangazi

Kompyuta iliwekwa juu ya meza ya kulia Jumamosi asubuhi, na Shangazi akaizunguka akiitazama jinsi mtu anavyomtazama mkwe aliyeingia bila hodi. Ilikuwa nyembamba, ya rangi ya majivu, si ya bei ya kutisha wala si ya kutupwa. Ya katikati, muuzaji alisema, kwa matumizi ya kila siku. Kioo chake kilikuwa cha kugusa. Bawaba zake zilizunguka mpaka nyuma: ukitaka unaisimamisha kama hema, ukitaka unaikunja yote ukaishika kama sinia. Muuzaji alikuwa amekubali ijaribiwe wiki nzima, na isipofaa irudishwe bila maneno.

Aliyeileta ni Nukta, mtoto wa kaka yake. Hilo si jina la kwenye cheti. Alilipata utotoni, alipoletwa kwa shangazi yake baada ya wazazi wake kufariki, mdogo, kimya, amejikunyata kwenye kona ya kochi, na Shangazi akasema kitoto chenyewe ni nukta tu. Sasa Nukta ni mpimaji wa ardhi na anainama kupita mlango wa jikoni, lakini jina limemganda.

Nukta alikuwa amepata kazi nchi nyingine, mbali, kwenye mradi wa bwawa. Ni kazi ambayo wapimaji wenzake wangeipigania kufa na kupona. Jibu lilitakiwa kabla wiki haijaisha, na masharti yake aliyatoa wazi, amesimama mlangoni na funguo mkononi.

"Shangazi, ukiiweza hii mashine tutaonana kila siku, na wewe utaendelea na kazi zako za kuwachapia majirani. Nitakwenda. Usipoiweza, siendi. Siwezi kukuacha humu ndani unazungumza na kuta."

Shangazi alimjibu kwamba kuta za nyumba hii zinasikiliza kuliko watu wengi. Lakini Nukta alipotoka, alivuta kiti akakaa, akaikodolea macho ile mashine. Aliielewa vizuri kazi aliyopewa. Neno lake moja ndilo litakalompeleka mtoto au kumbakiza.

Msidhani alitishwa na mashine. Miaka yake ya kazi yote aliimaliza katika chumba cha wachapaji cha ofisi moja kubwa ya umma, chumba kirefu chenye safu mbili za meza, na taipureta juu ya kila meza. Kelele zake zilifika mpaka barabarani. Wageni walikunja nyuso. Wenyewe waliokuwa ndani walishtuka pale tu kelele zilipokoma. Na mashine mpya ilipoletwa, haikupewa mtu mpaka ipite mikononi mwa Shangazi. Hakumsikiliza muuzaji, wala hakugusa soda ya muuzaji. Aliifanyia mashine kazi za kweli wiki nzima, barua kwa barua, kisha akaifungia kikaratasi chenye neno moja: inafaa, au irudi. Wenzake walimwita Jaji, na yeye hakulikataa jina hilo.

Nukta alikulia humo. Akitoka shule alikuja kujibanza chini ya meza ya Shangazi, akipanga karatasi za kaboni mpaka vidole vikawa vyeusi, na mara nyingi usingizi ulimchukua hapo hapo. Kelele zote zile hazikumsumbua. Ila Shangazi akisimamisha mikono ili anywe chai, mtoto alifumbua macho. Kisha kompyuta zikaja. Taipureta zikabebwa stoo, chumba kikakatwakatwa kwa mbao, kikawa ofisi za watu wasioongea, na Shangazi akapewa saa ya ukutani na mikono ya kwaheri. Hakuacha kukikumbuka. Alikikumbuka kwa pua, ule mchanganyiko wa wino, kaboni na poda za wanawake. Kwa masikio alikikumbuka zaidi.

Kwa hiyo aliijaribu kompyuta jinsi alivyojaribu zote. Jumapili baada ya chakula alitandika khanga juu ya mikono yake ili asione vitufe, akamwambia Nukta amsomee barua yoyote, akaanza. Vidole vilienda vizuri. Vitufe vilikuwa vifupi, havina kishindo, lakini havikukwama. Mstari ulipokaribia mwisho, mkono wake wa kushoto ukanyanyuka wenyewe, ukasukuma hewani kuelekea kulia.

Aliyewahi kutumia taipureta anaujua mwendo huo. Kengele inalia, mkono wa kushoto unasukuma kile chuma cha pembeni, karatasi inarudi mwanzo wa mstari. Kwenye kompyuta hakuna chuma cha kusukuma. Kuna kioo, na kioo hiki kilikuwa kinahisi kuguswa. Vidole vya Shangazi vilikipapasa, alama ya kuandikia ikaruka juu, na maneno yaliyofuata yakajipachika katikati ya sentensi nyingine. Alipofunua khanga, barua ilikuwa inamtaarifu mkurugenzi kwamba mabomba ya maji wako mtiifu yamepasuka.

Walicheka mpaka Nukta akafuta machozi. Wakarudia. Mkono ukapanda tena. Wakarudia tena, na safari hii hakuna aliyecheka. Nukta alisema taratibu kwamba haidhuru, bado siku zipo, akaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Kuanzia Jumatatu Nukta akienda kazini, Shangazi alibaki na mashine. Aliishika kama kitabu akiwa kitandani, akaona ni nzito, inachosha kiwiko. Aliisimamisha kama hema kwenye meza ya jikoni, akasoma gazeti huku anamenya viazi, na hapo akaikubali kwa moyo mmoja, isipokuwa kioo kilidaka kila tone la mafuta. Karibu na dirisha kiligeuka kioo cha kujitazamia, akaziona mvi zake kuliko habari. Betri ilimfikisha toka chai ya asubuhi hadi vyombo vya mchana, kisha ikaanza kulalamika. Kamera ilimwonyesha matundu ya pua. Ile kalamu iliyokuja nayo aliifungia kwenye kabati la vikombe, maana kitu chembamba namna ile kupotea ni suala la muda tu. Mwanamke mmoja wa jirani alikuja kuchapiwa ombi la kazi, akaondoka nalo kwenye simu yake kabla chai haijapoa. Shangazi alibaki ameshika kiuno. Zamani kazi kama hiyo ingekula karatasi, utepe na nusu siku.

Ulibaki ule mkono. Na dawa yake aliijua, kwa kuwa alinyweshwa alipokuwa mwanafunzi wa uchapaji, na baadaye akawanywesha wengine. Alichukua kifungo kikubwa cha koti, akakiweka juu ya mgongo wa mkono wa kushoto, akachapa. Kifungo kikianguka, ukurasa unafutwa wote, unaanza upya. Kilianguka asubuhi yote ya Jumatatu. Jumanne kilianguka mara chache. Jumatano mchana alimaliza ukurasa mzima, kifungo kimetulia mahali pake, na barua haikuwa na doa.

Alijisikia msichana. Alisimama katikati ya jikoni akitabasamu peke yake, akataka sana kuwe na mtu wa kumwonyesha. Kisha akakumbuka mtu wa kumwonyesha ni nani, na kumwonyesha maana yake nini. Tabasamu lote likamtoka.

Jioni Nukta alirudi, akavua viatu vyenye udongo wa kazini, akaomba waone maendeleo. Khanga ikatandikwa, barua ikasomwa. Mstari ulipokaribia mwisho, mkono wa kushoto ulikuwa umetulia kabisa, haudai chochote.

Shangazi akaunyanyua.

Aliunyanyua makusudi, tusidanganyane. Akakipapasa kioo, maneno yakaparaganyika, akatoa ulimi kuonyesha kukerwa. Nukta akashusha pumzi, akasema basi, kesho. Alhamisi ikawa vilevile, na Shangazi akawa ameongeza na kuguna kidogo. Usiku ule alilala na aibu yake. Hakuwahi hata siku moja kuinyima mashine nzima haki yake, na sasa alikuwa anaisingizia hii kwa sababu anapenda kusikia funguo za mtu zikifungua mlango jioni. Alikuwa anampenda mtoto huyu kuliko ukweli, na hilo lilimtia hofu.

Ijumaa mchana alikuwa anachapa muhtasari wa kikao cha wakazi wa mtaa. Mwenyekiti alikuwa na mwandiko wa kuku, lakini Shangazi alikwishazoea miandiko ya wakubwa, akawa anatiririka tu, mistari inakwisha na mingine inaanza, mikono yote miwili imelala chini. Alipofika mwisho alinyoosha mgongo, akageuka achukue kikombe. Nukta alikuwa amesimama mlangoni, viatu mkononi.

"Umefika saa ngapi?" Shangazi aliuliza.

"Nimesimama hapa ukurasa mzima. Sikuhitaji hata kuangalia, Shangazi. Nimesikia. Hujajikwaa hata mstari mmoja."

Shangazi hakutafuta uongo wa kujificha. Alisema mkono ulipona tangu Jumatano. Alisema ule wa jioni ulikuwa mkono wa kuigiza, na kama Nukta anataka kukasirika, ana haki, avute kiti akasirike akiwa amekaa.

Nukta alivuta kiti kweli. Lakini hakukasirika. Aliviweka viatu chini, akavipanga, akavipanga tena.

"Dukani kulikuwa na nyingine," alisema. "Bei hiyohiyo, kila kitu sawa, ila kioo chake si cha kugusa. Muuzaji alinishauri nichukue ile, kwamba kwa mtu wa taipu ndiyo nzuri. Mimi nikachukua hii."

"Kwa nini?"

"Nimekua chini ya meza yako. Huo mkono wa kushoto naujua kuliko unavyoujua wewe. Nilijua utapanda, utagusa kioo, utaharibu. Nilitaka ushindwe, Shangazi. Naogopa kwenda."

Shangazi alimtazama. Kicheko kilimpanda, akakizuia kwa kukohoa. Wiki nzima walikuwa wamekula njama moja, kila mtu na upande wake wa meza, wakimsingizia mshtakiwa asiye na mdomo. Angeweza kunyamaza tu. Angesema basi irudi, wangeifunga kwenye boksi lake, na kesho jioni funguo zingelia mlangoni kama kawaida. Nukta alikuwa anamtazama kwa macho yaleyale ya kwenye kona ya kochi, na macho hayo yalikuwa yanamwomba aseme hivyo.

Alipiga moyo konde.

"Kioo hakifai karibu na dirisha," alisema. "Betri ni ya kusukuma siku. Kuishika mkononi ni adhabu. Vitufe vifupi, lakini mtu anazoea. Mengine yote yako sawasawa, na aliyesema haifai ana lake jambo. Sasa nisomee hiyo barua yako ya kukubali kazi, niichape."

"Sijaiandika."

"Basi itamke. Mimi ndiyo kazi yangu."

Nukta aliweka mikono juu ya meza. Kisha akaanza, kwa sauti ya mtu anayesoma kwenye ukuta, na Shangazi akachapa. Salamu. Kumbukumbu ya barua yao. Shukrani. Katika maisha yake alikwishachapa barua za kufukuza watu kazi, za kuwahamisha mbali na wake zao, za rambirambi, na vidole vyake havikuwahi kuuliza kitu. Lakini Nukta alipotamka "nakubali," vilisimama.

Nukta akainua macho haraka, jinsi alivyofanya siku zote mikono hiyo ilipotulia.

"Endelea," Shangazi alimwambia, na akalichapa lile neno.

Walipomaliza alimsomea barua nzima, akamuuliza kama kuna la kuongeza au kupunguza. Nukta akatikisa kichwa. Shangazi akanyoosha kidole, akagusa kwenye kioo mahali palipoandikwa Tuma, na barua ikaondoka bila mlio wowote. Wakabaki wanaitazama nafasi tupu ilipokuwa. Baada ya muda Shangazi alifuta uso kwa ncha ya khanga, akauliza huko bwawani kuna baridi kiasi gani, ili ajue amfumie sweta la namna gani.