Gari Lililomkataa Mzee Aleer

Mara ya nne gari lile jeupe lilipoingia kwenye karakana yake ya Hai Mauna, mjini Juba, Lubega alilisikia kabla hajaliona, akatupa bisibisi ndani ya kopo na kusema kwa Kiganda neno ambalo mkewe angemkemea kwalo. Injini ilikuwa inanguruma vizuri, na hilo ndilo lililomuudhi. Gari bovu lenye adabu huingia kwa fundi likikohoa na kujikokota, likaeleza shida yake. Hili liliingia kila mara kama bwana harusi, likaondoka kama bwana harusi, kisha likaenda kuzima katikati ya barabara mbele za watu.

"Imezima tena," alisema Akuol kabla hata ya kushuka. "Hapo kwa mzunguko. Askari amenipigia kelele, lori ya maji imenipigia honi, na boda zote za Juba zimepita zikinicheka. Fundi, si uliniambia imepona?"

"Madam, gari yako iko sawa. Mimi iko natembea na hii gari siku mbili. Haiko nazima hata mara moja."

"Kwa hivyo mimi ndio mwongo."

Jibu lililomjia Lubega halikuwa la kumpa mteja. Miaka kumi na mmoja alikuwa fundi wa umeme wa magari katika mji huu, tangu alipopanda basi kutoka Kampala na boksi moja la vifaa, na hakuna gari lililowahi kumfanya mjinga namna hii. Alikuwa amebadilisha fyuzi. Alikuwa amebadilisha rilei ya pampu ya mafuta, akasafisha waya wa arthi mpaka ukang'aa, akafungua swichi ya ufunguo na kuirudisha. Alilipitisha kwenye kila shimo la Hai Mauna, na mashimo ya Hai Mauna si mchezo, akaliacha likinguruma saa mbili kwenye jua la mchana. Gari lilimtazama tu.

Kwenye kiti cha kushoto, karibu na dereva, alikaa Mzee Aleer, baba yake Akuol, mrefu hata akiwa amekaa, fimbo yake mkononi. Lubega alimzungukia upande wake, akamfungulia mlango na kumshika kiwiko, kama alivyofanya mara zote tatu za mwanzo.

"Karibu Mzee. Shuka, kaa hapa kwa kivuli."

Karakana ilikuwa na kiti kimoja tu kizima, na kiti hicho kilikuwa cha wazee. Lubega alilelewa hivyo: mtu mzima hatoki jasho ndani ya gari huku vijana wakimchokonoa miguuni. Harriet, Mganda mwenzake aliyeuza chai pale nje, hakungoja kuambiwa. Alileta chai ya maziwa na kuiweka juu ya tairi kuukuu, mkono wa kulia wa mzee.

"Hii gari haitaki mimi," alisema Mzee Aleer. Kiswahili chake alikiokota Kakuma, miaka ya ukimbizini, na tangu hapo hakukiongezea kitu isipokuwa Kiarabu cha Juba. "Akuol akienda peke yake, kuis, sawa tu. Akienda na mimi, inakufa. Khalas." Aligonga fimbo chini kwa kila neno, ncha yake ya chuma ikatoboa vumbi, na chai ikacheza ndani ya glasi.

Lubega alikuwa ameyasikia maneno hayo mara tatu na hakuyapenda hata mara moja. Yeye alikuwa mtu wa waya. Waya ama unapitisha umeme ama haupitishi, wala hauulizi aliyekaa kwenye kiti ni nani. Kila mara mzee alipoanza habari hizo, fundi aliingiza kichwa chini ya boneti ili asije akacheka.

Akuol alimfuata huko huko chini ya boneti, akashusha sauti.

"Fundi, kesho ndio ibada ya kumkumbuka ndugu yangu Gai. Mwaka mmoja. Ni kanisani Gumbo, tulikomzika."

"Najua, Madam. Wewe uliniambia."

"Sikukuambia yote." Alikulia Eldoret, na alizoea kuongea haraka, lakini sasa alikuwa anayatoa maneno moja moja. "Hii gari ilikuwa ya Gai. Aliinunua na mafahali ambao Baba alikuwa amemwekea wa kuoa. Hakumwuliza. Akaiendesha mpaka kijijini kumwonyesha, na Baba akakataa hata kuigusa. Akasema hawezi kukaa ndani ya ng'ombe wake. Hawakuongea tena. Halafu homa ya ini ikamchukua Gai ndani ya wiki tatu."

Lubega alinyanyua kichwa.

"Sasa ikizima, Baba anasema ni Gai amemkataa. Nimemwambia nitakodi gari ingine kesho, amesema hapana. Kama mtoto hataki kumbeba, atasimama kwa maombi yake na uso gani? Ataenda na gari ya Gai ama hataenda. Na leo hapo kwa mzunguko, ilipozima, alilia. Sijawahi kumwona baba yangu akilia, hata siku ya mazishi."

Lubega alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Alimwonea huruma mzee, na huruma hiyo ikageuka hasira moja kwa moja, maana hakuwa na mahali pengine pa kuipeleka. Alifunga boneti kwa kishindo. Akafungua tena. Akashika mita, akapima kile alichokwisha kupima mara tatu, na mita ikampa majibu yale yale mazuri.

"Umepima mpaka mita imechoka," alisema Harriet kutoka kwenye jiko lake.

"Harriet, niache."

"Nakuacha. Lakini huyo mzee amesema inazima akiwa ndani. Na wewe akifika tu unamtoa nje. Mimi naona tu, sijui umeme."

Lubega alisimama na mita mkononi. Mwanamke wa chai. Mara nne mteja amekuja kumweleza dalili za ugonjwa, na yeye, fundi mzima, kwa heshima zake na kiti chake na chai yake, amemweka mgonjwa kivulini na kwenda kutibu mlango. Maneno ya mzee aliyasikia kama habari za wafu, hakuyasikia kama habari za gari.

"Mzee," alisema, akamwendea. "Nakuomba panda gari. Tuende mimi na wewe."

"La. Mimi sipandi tena. Imenikataa mara nne, hiyo inatosha mtu."

"Mzee, tafadhali."

"La!"

Na hapo subira ya Lubega ikakatika. "Kama mtoto yako iko nakukataa, basi akukatae mbele yangu! Mimi iko hapa na hii gari mwezi mzima, na mimi pia nataka kuona!"

Akuol alishika mdomo. Harriet aliacha kukoroga chai. Lubega angetoa jino moja kuyarudisha maneno yale, lakini yalikuwa yameshatoka, na mzee alikuwa anamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, polepole, kama anayepima fahali sokoni. Kisha akaegemea fimbo yake, akainuka na kwenda kupanda gari bila kumngoja mtu wa kumfungulia mlango.

Waliondoka watatu, Lubega kwenye usukani, mzee kushoto kwake, Akuol nyuma. Mzee alilaza fimbo mapajani, akafunga mdomo. Walitoka Hai Mauna, wakaingia barabara ya lami, wakashika njia ya Hai Jalaba. Gari lilikwenda kama maji. Shimo, tuta, breki ya ghafla kumkwepa mbuzi, na injini haikushtuka. Lubega alianza kuona jasho likimteremka mgongoni. Sasa hata mzee akiwemo lilikuwa limeamua kupona, gari hili lisilo na haya.

"Mzee," alisema, ili mradi kuvunja kimya kile, "huyo Gai alikuwa kijana namna gani?"

Kisha mzee akaiteremsha fimbo kutoka mapajani na kuisimamisha katikati ya miguu yake.

"Kichwa ngumu," alisema, na fimbo ikagonga sakafu. "Unamwambia hivi," fimbo ikagonga, "yeye anafanya hivi." Akaiegemea kwa mikono yote miwili, kwa uzito wake wote, na injini ikazima.

Lubega aliliacha gari lijiburuze lenyewe mpaka pembeni. Nyuma yao honi zikaanza.

"Umeona?" alisema mzee kwa sauti ndogo. "Nimetaja jina lake tu."

"Mzee, usisogee! Usisogeze hata kidole!"

Taa za dashibodi zilikuwa zinawaka, kwa hiyo betri ilikuwa salama. Aligeuza ufunguo na kusikiliza. Pampu ya mafuta, ambayo hulia kwa chini nyuma ya gari, ilikuwa kimya kabisa. Lubega alitazama mikono ya mzee. Akaifuata fimbo kwa macho mpaka chini, pale ncha ya chuma ilipozama kwenye kapeti.

"Inua fimbo."

Mzee akainua. Pampu ikalia.

"Weka. Kandamiza." Pampu ikanyamaza.

"Inua!" Ikalia. Lubega akawasha gari, likawaka, naye akapiga usukani kwa kiganja na kucheka kicheko cha mtu aliyeteswa mwezi mzima, mpaka alipomwona Akuol kwenye kioo na kuona kwamba hakukuwa na mwingine anayecheka.

Alizima, akashuka, akazunguka upande wa mzee na kupiga magoti barabarani. Safari hii hakumtoa. Alimwomba tu anyanyue miguu, akabandua kapeti. Chini yake mlikuwa na waya mbili nyekundu, zimesokotwa kwa vidole na kuvikwa tepu nyeusi, bila risasi ya kuchomelea wala soketi. Waya zilikwenda chini ya kiti mpaka kwenye swichi ndogo iliyofichwa.

"Hii ni swichi ya wezi," alieleza. "Watu wengi hapa Juba wanaweka. Ukiacha gari, unakata pampu, mwizi anawasha, haifiki mbali. Ni kiungo tu kimelegea, na fimbo yako iko nagusa hapo hapo. Mtoto hajakataa wewe, Mzee. Ni waya."

"Nani ameweka?"

"Mwenye gari. Hii si kazi ya fundi, imefungwa na mkono tu."

Mzee aliinama, akazitazama zile waya kwa muda mrefu. Akazigusa kwa kidole, pale zilipovikwa tepu.

"Na kwa nini amepitisha hapa, katikati? Kwa nini si pembeni?"

"Ah, hiyo ni kwa sababu hapa katikati hakuna mtu anaweka..." alianza Lubega, akiwa bado na furaha yake, kisha akaona maneno yanakokwenda, akayameza.

Lakini mzee alikuwa ameshafika.

"Hakujua mahali naweka fimbo," alisema. "Angejua wapi? Alipokuwa hai, sikukaa hapa hata siku moja."

Akuol aliweka mkono wake begani kwa baba yake kutoka nyuma, na mzee akauacha ukae.

Jioni ile, kabla jua halijazama, Lubega alichomelea kiungo kwa risasi na kuhamisha waya, akaupitisha pembeni kabisa, chini ya kizingiti cha mlango, ambako hata tembo asingeukanyaga. Akuol alitaka swichi iondolewe kabisa.

"Wacha," alisema mzee kutoka kwenye kiti chake. "Ni kazi ya mkono wake."

Kesho yake, Jumamosi, Lubega alikwenda kazini akiwa hana raha. Alijua kazi aliyoifanya ilikuwa safi, lakini gari lile lilikuwa limeshamshinda mara nne, na kila dakika tano alitoa simu mfukoni kuitazama. Ilipolia karibu na saa tano alijibu bila salamu.

"Imezima wapi?"

"Haijazima," alisema Akuol. Nyuma yake kulikuwa na ngoma za kanisa na sauti za watu.

"Hata kwa daraja ya Nile?"

"Hata kwa daraja. Na amegonga hiyo fimbo kutoka nyumbani mpaka Gumbo, fundi, kapeti imetoboka. Nikamwambia, Baba, punguza, utaiharibu tena. Akaniambia ninyamaze niendeshe, yeye anaongea na Gai." Akavuta pumzi. "Anamgombeza. Anawataja wale mafahali wote, kwa majina yao."

"Sasa mmefika, khalas. Mungu asifiwe."

"Tumefika kitambo. Watu wamejipanga mlangoni wanamngoja, mchungaji amekuja mara mbili, na Baba amekataa kushuka. Anasema hajamaliza. Fundi, nifanye nini, nimtoe?"

"Usimtoe," alisema Lubega. "Mwache akae."