Mikanda ya Mashine ya Genkuru

Mashine ilipiga kelele kama mbuzi aliyebanwa mlangoni, banda likajaa harufu ya mpira ulioungua, kisha nyundo za kinu zikaacha kugonga. Injini yenyewe iliendelea kunguruma bila wasiwasi, ila nguvu yake haikuwa inafika popote. Winfrida alikata dizeli, akafungua wavu wa kukinga watu na kuchungulia. Mkanda mmoja kati ya mitatu ulikuwa umechanika, unaning'inia kwenye puli, gurudumu linaloizungusha mikanda.

"Imekufa?" aliuliza Jesca, ambaye wimbi lake, ulezi wa uji, ndilo lilikuwa mdomoni mwa kinu.

"Umeniona nalia?"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walicheka, lakini si sana. Nyuma ya Jesca palikuwa na magunia mawili ya wimbi, na juu ya moja alikuwa ameketi mwenyewe, bibi Waisiko, mama mkwe wa Winfrida. Keshokutwa alikuwa na risaga: majirani wa Genkuru wangekuja na majembe yao kumpalilia shamba, naye angewanywesha obosara, uji mzito wa wimbi uliochachuka. Unga ulitakiwa usagwe leo ili uji upate muda wa kuchachuka. Mtu aliyealika risaga akakosa obosara, mwaka unaofuata apalilie mwenyewe.

Hilo lingetatuliwa kwa kubeba magunia hadi mashine nyingine. Lililokuwa likimkaba Winfrida ni jingine. Kikao cha ukoo kilishaamua: mashine ikisimama tena mbele ya wateja, Waitara, shemeji yake, aichukue injini akaifunge kwenye karasha lake la kusagia mawe ya dhahabu kule Nyangoto. Nelson, mume wa Winfrida, alikuwa kazini Mwanza, na kwenye simu alisema tu, "Mtakavyoamua." Winfrida alikuwa na stashahada ya kilimo. Alisubiri ajira mpaka akachoka kusubiri, na baba mkwe alipofariki akaishika mashine hii kuukuu kwa mikono yake. Sasa ndiyo ilikuwa kazi yake. Hakuwa na mpango wa kuanza kuomba nyingine.

Waitara hakukawia. Pikapu yake ilisimama nje, vijana wawili wakiwa nyuma.

"Shikamoo mama. Shemeji, nimesikia harufu tangu barabarani. Nikadhani unachoma matairi."

"Karibu. Vua kofia, usije ukaingizwa kwenye puli na wewe."

Aliinama kando yake, akautazama mkanda uliochanika. "Ni huu tu. Hii miwili bado mizima. Kwa mkanda nakusamehe. Weka mmoja mpya, tuone; ikisimama tena naondoka nayo."

"Hiyo miwili imeshavutika. Ukiweka mpya katikati yake, mzigo wote utabebwa na huo mpya, hiyo mingine itasindikiza. Ikitoka mitatu, inaingia mitatu."

"Haya, fundi. Unayo hiyo mitatu?"

Alikuwa nayo, yote ya namba ileile, aliinunua Sirari na kuitundika mbali na mafuta na jua. Lakini hakuikimbilia. Mkanda haukatiki hivihivi, na huu ulikuwa na mwezi mmoja tu. Alilegeza nati za injini, akamwambia Waitara asukume, wakaisogeza kwenye reli zake kuelekea kinu hadi mikanda ikalegea. Akaivua. Upande wa ndani ilikuwa inang'aa kama kiatu cha Jumapili. Akachokoa mfereji wa puli kwa kijiti. Kilitoka kitu cheusi, kigumu, kama ukoko wa sufuria. Akakinusa.

Kilinuka uchachu. Kilinuka wimbi.

Hapo alielewa, na wenye kumjua wangeona mabega yake yakishuka. Jumapili, yeye akiwa kanisani, bibi Waisiko alikuja bandani na kibuyu. Alijaza obosara mdomoni na kuipulizia mashine, akimwomba marehemu mumewe aiangalie kazi ya wiki hii. Kijiji kizima kilijua. Ndivyo kitu kinavyobarikiwa, ng'ombe, nyumba au mtoto anayesafiri. Ila ng'ombe hana puli.

Winfrida alitafuta maneno laini. Hakuyapata, kama kawaida yake.

"Mama, obosara uliyoipulizia mashine iliingia kwenye puli. Imegandamana na unga, mikanda ikawa inateleza mpaka ikaungua."

Jesca alianza kuhesabu mabati ya paa.

"Yaani unamwambia mama ndiye ameua mashine ya mzee?" Waitara alisema, nusu akicheka.

"Nimesema mikanda. Anayezungumzia kuua ni wewe, uliyekuja na pikapu."

Bibi Waisiko alikuwa ameshikilia fimbo yake kwa mikono yote miwili. "Kwa hiyo nisimwombe mume wangu?"

"Mwombe, mama. Pulizia ukuta, pulizia mlango, nipulizie hata mimi. Mkanda usiuguse."

Mtu mmoja kwenye foleni alikohoa kuficha kicheko. Bibi Waisiko hakucheka.

Winfrida akarudi kazini, maana ukimya wa mama mkwe haurekebishwi kwa spana. Alikwangua mifereji yote kwa kijiti, akaifuta kwa kitambaa chenye maji ya moto, kisha kwa kikavu. Waitara alimletea mtaimbo ili waipachike mikanda kwa kuilazimisha juu ya ukingo wa puli, kama wanavyofanya karashani.

"Rudisha. Ukiilazimisha hivyo, nyuzi za ndani zinakatika kabla haijaanza kazi."

Aliivalisha kwa mkono, mmoja mmoja, taratibu kama anayemvika mtoto sweta. Wakairudisha injini nyuma. Alivuta uzi kutoka puli moja hadi nyingine kuhakikisha zimenyooka, akabonyeza mikanda kwa dole gumba, akakaza nati. Akaongeza grisi kwenye beringi, akatazama oili, akazungusha hendeli.

Injini ilikohoa, ikashika. Nyundo zikagonga. Hakukuwa na mlio wala harufu. Wimbi la Jesca likatoka unga, na baada yake gunia la kwanza la bibi Waisiko likaanza kumiminwa.

Lilipofika katikati, mashine ikanyamaza.

"Leteni kamba!" Waitara aliwaita vijana wake. "Shemeji, umejitahidi, Mungu anaona."

"Kamba ya nini? Nimezima mwenyewe." Winfrida alikuwa tayari amepiga goti kwenye nati. "Mkanda mpya ukishapata moto unalegea. Usipoukaza sasa unaanza kuteleza."

"Maneno hayo. Kikao kilisema ikisimama."

Bibi Waisiko aliinuka kwenye gunia. Alitembea polepole hadi kwenye puli, akasimama kando ya mkwe wake aliyepiga goti.

"Unajuaje umelegea?"

"Bonyeza hapa, mama. Katikati."

Bibi kizee alibonyeza. Mkanda ukaingia ndani sana chini ya dole lake. Winfrida alisogeza injini kidogo, akakaza, akamwambia abonyeze tena. Safari hii ulimpinga. Bibi Waisiko alibonyeza mara ya tatu bila kuambiwa, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekagua ng'ombe wa mahari na kuridhika.

"Waitara," alisema bila kugeuka, "rudi Nyangoto."

"Mama, imesimama mbele ya watu wote hawa!"

"Imezimwa. Mimi nikiweka jembe chini ninywe maji, utaniita maiti?"

Sasa foleni ilicheka waziwazi. Waitara akavaa kofia yake, akatoka. Pikapu iliwaka nje.

Bibi Waisiko alifuta dole gumba kwenye khanga. "Na ule ukuta wa mlangoni," aliuliza, "hauna mkanda?"

"Hauna, mama."

"Haya. Washa."

Winfrida akashika hendeli.