Maji Maji Uwanjani

Sagal alikuwa golikipa wa timu ya wasichana ya Buruburu, na mwaka ule wa tisini na sita alikuwa pia kidato cha nne. Mama yake, Khadro, alishikilia kwamba mpira na vitabu havipikwi chungu kimoja. Sagal akavipika vivyo hivyo. Mpira ukiwa mbali, alimrushia maswali ya mtihani beki wake Mideva, waliyesoma naye darasa moja, na Mideva akajibu bila kugeuka.

Walipocheza nusu fainali na Komarock, hadi mwishoni hakuna aliyekuwa amefunga.

"Vita vya Maji Maji vilianza lini?" Sagal akaita.

"Elfu moja mia tisa na nne!"

Kumbe Wakiuru, mshambuliaji hatari wa Komarock, alikuwa ameshapokea pasi na kuwachenga wote. Mbele yake walibaki Mideva na Sagal tu. Akasimama ghafla, mguu juu ya mpira.

"Nne? Wacha uongo! Ni mia tisa na tano!"

"Una hakika?" Mideva akauliza, akisogea.

"Kabisa! Watu walichoka kulimishwa pamba, wakakata—"

Mideva akaunyakua mpira, akaupiga mbele, na winga wao akafunga.

Uwanja ukalipuka. "Wakiuru!" kocha wake akafoka. "Umekuja mechi ama mtihani?" Wakiuru aliketi kwenye nyasi akitaka kulia, lakini kicheko kikamshinda.

Filimbi ya mwisho ilipolia, akamfuata Sagal. "Historia yenu ni mbovu sana."

"Basi njoo utufundishe."

Akaja. Kila Jumamosi watatu hao walijazana sebuleni kwa Khadro, viatu vya mpira vimelundikwa mlangoni. Wakiuru alifundisha historia, Sagal hesabu, Mideva kemia. Khadro alinung'unika huku akiwamiminia chai ya iliki, lakini kila wiki manung'uniko yake yakapungua.

Matokeo yalipotoka, wote watatu walikuwa na A. Khadro alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka wakiuliza nani anaolewa.

"Leteni huo mpira!" akaamuru.

"Hooyo, wewe?" Sagal akamshangaa mama yake, akasimama mbele ya geti kana kwamba ni goli.

Khadro akakunja gauni, akapiga teke. Kiatu kikaruka hadi juu ya paa. Mpira ukajikokota polepole, ukapita katikati ya miguu ya Sagal, aliyekuwa ameinama kwa kucheka.

"Hilo linahesabika?" Khadro akauliza, akirukaruka kwa mguu mmoja.

"Linahesabika, Mama!" Wakiuru akapaza sauti, na wakambeba juujuu.