Disketi Ndani ya Spika

Khairunisa, ambaye mtaa mzima wa Nyasubi ulimwita Mama Taufiq, alikuwa na duka la kurekodia kaseti mjini Kahama. Humo dukani hakukuwa na kitu alichokithamini kuliko orodha. Ilikaa ndani ya kompyuta aliyoinunua mwaka 1996 kwa watafiti wa madini waliokuwa wakifunga kambi. Ilikuwa na wateja mia nne na ushee, wengi wao wachimbaji: nani anataka rumba upande wa kwanza na kwaya wa pili, nani aongezewe besi, nani akiwekewa taarabu atairudisha kaseti. Mtu alitoka machimboni, akataja jina lake tu, na jioni akaondoka na nyimbo zake kama azipendavyo.

Kila Ijumaa Khairunisa aliinakili orodha kwenye disketi mbili. Aliambiwa mashine haiaminiki, naye hakuwa mtu wa kuamini ovyo.

Mwezi wa kumi mwaka uliofuata alisikia kwamba Valerian, mfanyabiashara wa Geita, anafungua duka kama lake huko huko Geita, mtaa wa Kalangalala. Wiki hiyo hiyo Aneth, msichana aliyemrekodia kwa miaka sita, aliomba ruhusa ya kwenda Geita kumwona shangazi. Akaomba tena wiki mbili baadaye. Miaka yote sita shangazi huyo hakuwahi kutajwa.

Tangu hapo Khairunisa alikosa raha. Aneth akiandika, alisogea kuchungulia. Aneth akicheka na mteja, alitega sikio. Hatimaye Ijumaa moja, Aneth alipokwenda kula, alizitoa zile disketi kwenye droo, akanakili, akafungua nyuma ya spika kubwa ya dukani, akazipachika ndani. Mwizi atapekua droo, aliwaza, spika hataigusa.

Kabla ya Ijumaa nyingine kufika, asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja, jenereta lilikwama, likawaka, likakwama tena. Kompyuta ilipopata fahamu, orodha ilifunguka tupu. Hakuna jina hata moja.

Khairunisa hakushtuka sana. Alichomoa disketi ya kwanza spikani, akaiingiza. Mashine ikakoroma, ikasema haisomeki. Ya pili vivyo hivyo.

"Umezifanya nini?" alimgeukia Aneth.

"Mimi? Mama Taufiq, hata sikujua ziko wapi."

"Valerian amekutuma uzifute!"

 Aneth alikuwa akiitazama ile spika iliyoachwa wazi. "Zilikuwa humo?"

"Ndiyo, humo. Nilizificha usizione wewe."

"Spika ina sumaku, mama. Si ndicho unachowagombeza wateja kila siku, wasiweke kaseti juu yake? Disketi nayo ni hivyo hivyo."

 Khairunisa aliketi kwenye kreti la soda. Miaka kumi na mbili katika kazi hii, na kwa mikono yake mwenyewe amezifuta.

Aneth alivuta kidole kimoja baada ya kingine. Kisha akasema taratibu, "Nyumbani ninayo moja. Ya mwezi wa nane."

"Ya nini?"

"Ya orodha. Valerian aliniahidi kazi. Niliinakili nimpelekee. Nimekwenda mara mbili, na mara zote mbili nimerudi nayo kwenye mkoba."

Kumbe ni kweli! Khairunisa alitaka kumfukuza pale pale, na alitaka ile disketi. "Nitajuaje kwamba hukumpa?"

"Hutajua," Aneth alisema, machozi yakimlenga. "Niilete, nisiilete?"

"Ilete."

Ilisomeka. Majina yalirudi moja baada ya jingine, naye akayatazama kama mtu anayehesabu kuku waliotoka kwa jirani. Kisha akaanza kaseti ya Maduhu, dalali wa almasi wa Maganzo, aliyetarajiwa mchana. Wa kwanza kwenye orodha yake ulikuwa wimbo wa harusi wa zamani.

"Huo usiuweke," Aneth alisema. "Mwezi wa tisa alikuja ulipokuwa Mwanza. Mkewe amefariki. Alisema hataki kuusikia tena. Niliufuta, lakini hii nakala ni ya kabla."

Khairunisa alimkazia macho. Kwenye orodha hapakuwa na msiba. Palikuwa na neno la msichana aliyekwisha kumsaliti nusu. Aliweka mkono juu ya kitufe, halafu akautoa ule wimbo.

Maduhu aliingia saa nane, akasalimu kwa Kisukuma. "Mwadila, Mama Taufiq."

"Mwadila, baba. Habari za nyumbani?"

"Nyumbani kumepoa. Mama watoto tulimzika mwezi wa tisa." Aliipokea kaseti, akasoma majina ya nyimbo polepole hadi la mwisho. Akashusha pumzi, akashukuru, akatoka.

Khairunisa alifunga mlango nusu. Alivuta kiti, akakiweka mbele ya kompyuta, karibu na chake.

"Kaa," alisema. "Tangu mwezi wa nane, nani amebadilisha nini? Anza."

Aneth akaanza kutaja, naye akaandika. Ya Geita waliyazungumza baadaye, na hayakuisha kwa siku moja.