Kimo cha Pacha

Isidori aliwasimamisha wale mabinti mgongo kwa mgongo katikati ya wageni, akaweka kiganja juu ya utosi wa Winifrida, kisha akakisogeza taratibu. Kiganja kikamgonga Agnesi begani.

Watu wakacheka. Ilikuwa siku ya kumbukumbu ya mama wa mabinti hao, na Isidori ni mtani wa ukoo. Mtani hakasirikiwi, hata akikalia jeneza.

"Beno! Hawa ni mapacha kweli, au huyu mmoja ulimfuga kwenye chupa?"

Beno, mnoa visu wa Kariakoo, alicheka kwa meno tu. Kipindupindu kilipomchukua mkewe, mapacha wakiwa bado wananyonya, shemeji yake Severa alikwenda Masasi na Agnesi. Yeye akabaki na Winifrida hapa Ilala, katika chumba ambacho mlango wake unatazamana na chemba ya majitaka isiyokoma kufurika.

"Kimo ni damu," alisema. "Huyu kamrithi bibi yao. Bibi yule alikuwa kama kinu."

"Na huyu mwenzake? Bibi yake alikuwa mnazi?"

Safari hii kicheko kilikatika. Watoto wale walifanana hadi kidole cha mwisho cha mguu, kilivyopinda. Walifinyangwa kwa udongo mmoja. Tanuri ndizo zilizotofautiana.

"Kawaulizeni walioko ofisi za manispaa!" Beno alifoka. "Nimelalamikia hiyo chemba mpaka soli zimekwisha. Wakitaka kura wanatuletea kanga. Mtoto wangu anaharisha mwaka mzima, wao wanakunywa maji ya chupa!"

"Kweli tupu," Isidori akasema. "Ila mtoto halishwi lawama, mtani wangu."

Severa akaweka sahani chini. "Shemeji, niachie na huyu. Kwetu hakuna utajiri, lakini kisima ni safi na kunde zipo. Nesi anasema bado ana miaka michache ya kukua. Ikipita, ndiyo imepita."

Beno alimtazama Winifrida. Akiondoka huyu, nani atacheka chumbani mle kwa kicheko cha marehemu mama yake? Miaka yote alikuwa ameishikilia hasira yake kama mtu anayepapasa ukuta gizani, na ukuta haukumfikisha mlangoni. Wakubwa walikuwa na hatia, hilo halifutiki. Lakini yeye alimweka mtoto pale kama ushahidi wa kesi isiyosikilizwa, na ushahidi ulikuwa unanyauka.

"Mchukue," alisema.

Winifrida akamvuta shati. "Baba, nikirefuka utanijua?"

"Atakujua," Agnesi akamjibia. "Si utakuwa kama mimi?"

Beno akamgeukia Agnesi. Akayaona magoti yaliyonyooka, shingo ndefu, mashavu yaliyojaa: Winifrida mzima, ambaye hakuwahi kuishi katika nyumba ile. Akayahamishia macho kwa Isidori, akingoja dhihaka, yoyote ile, hata tusi.

Mtani alikuwa ameinamia viatu vyake.