Karatasi Haibofywi

Bahasha ya posa huwa nyembamba. Salamu, nia, majina ya wazee na sahihi, karatasi moja imetosha. Sasa Ruthu alipochungulia kutoka jikoni kwao Gulwe na kuona bahasha aliyoitoa Mzee Bartolomayo, mshenga, imevimba kama andazi, mwiko wa mlenda ukamsimama mkononi.

"Koroga, mwanangu, utaungua huo," akasema shangazi yake, Anyesi.

Ruthu hakuwa na sababu ya kuiogopa barua ile. Aliijua neno kwa neno, na tuseme kweli tu, nusu aliitunga yeye. Erick, mchumba wake, ni mwalimu hodari wa hesabu, lakini ukimpa nafasi ya kuandika habari zake mwenyewe anajisifu mpaka unamwonea huruma. Ndipo Ruthu, ambaye kazi yake Dodoma mjini ni kutengeneza kurasa za tovuti ya ofisi, akafungua ukurasa wa siri mtandaoni, wao wawili tu. Erick anaandika, Ruthu anasahihisha. Maoni yake aliyakunja chini ya vialama vidogo pembeni. Ukikibofya kialama, maoni yanafunguka. Usipokibofya, barua inabaki safi.

Na ilibidi iwe safi kweli. Mzee Elieza, baba yake Ruthu, alishasema bila kupepesa macho: Erick amepata uhamisho wa kurudi kwao Bukoba, Bukoba ni mbali, na yeye ana binti mmoja tu. Barua ataipokea kwa sababu ya adabu. Isipomridhisha, asiletewe nyingine.

Kilichomponza Ruthu ni ufundi wake. Kule ofisini wakubwa hawasomi kitu kwenye kompyuta, kila kitu lazima kiprintiwe. Zamani kurasa zilikuwa zinatoka na menyu, matangazo na maneno "bofya hapa usome zaidi", hadi siku mkuu mmoja alipoinua karatasi na kuuliza kwa hasira abofye wapi. Ruthu akakaa, akaandika kanuni zake. Ukurasa ukielekea kwenye printa, ujibadilishe wenyewe: menyu ijifiche, rangi nyeusi ya nyuma ya maandishi iondoke, herufi zinenepe, na kila kilichokunjwa kikunjuke, maana karatasi haibofywi. Akapigiwa makofi kikaoni. Na kwa raha ya makofi hayo akazinakili kanuni zilezile kwenye ukurasa wa barua ya posa, wala hakufikiri mara mbili.

Erick aliisoma barua kwenye simu, akaiona safi. Akaiprinti kwenye steshenari moja mtaa wa Kikuyu, palepale Dodoma, na kwa kuwa mshenga alikuwa nje anapiga honi, akazikunja karatasi zingali za moto, akatia gundi.

Aliyepewa kuisoma kwa sauti alikuwa Anthony, baba mdogo. Huyu husoma masomo kanisani, na akishika karatasi haruki hata nukta.

"Kwa heshima na taadhima," akaanza, na mambo yakaenda vizuri. "Mimi ni mwalimu wa sekondari. Ruthu: hapo sawa, ile ya mwalimu bora wa wilaya nimeitoa, Baba hapendi mtu anayejisifu kuliko yeye."

Jikoni Ruthu akaelewa papo hapo. Kanuni zake zimefanya kazi, tena hazikukosea hata moja. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Kumbe siku hizi bibi harusi anajiposa mwenyewe!" Shangazi Anyesi akanong'ona, amejishika mbavu.

"Wazee wenzangu," mshenga akasema, mkono ameshaunyoosha, "nadhani karatasi zimechanganyika, naomba nizi..."

"Umeileta mwenyewe," Mzee Elieza akamkata. "Anthony, soma."

Anthony akasoma. "Wazee wangu wataomba siku ya kuja kujitambulisha. Ruthu: mke wa mshenga asije safari ya kwanza, anaongea mno." Mshenga akaanza kuikagua dari. Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mzee Elieza hakucheka. Ruthu alikuwa amebana mlangoni, machozi yanamlenga, anaiona ndoa yake inamponyoka kwa mkono wake mwenyewe.

"Ruthu," Anthony akaendelea, na hapo sauti ya kanisani ikaanza kumpungua, "Baba atasema Bukoba ni mbali. Usimbishie. Si umbali anaouogopa. Tangu Mama afariki nampigia simu kila jioni. Huwa anajifanya ana shughuli, ananiambia kata nina kazi, halafu mwenyewe hakati. Anaogopa nikiolewa nitaacha kupiga. Sijui nimwambieje kwamba mimi ndiye ninayeihitaji ile simu."

Hakuna aliyejifanya anakohoa safari hii.

"Rudia hapo," Mzee Elieza akasema.

Anthony akarudia, polepole. Mzee akaichukua karatasi ile, akaikunja na kuitia kwenye mfuko wa shati. Kisha akamwita binti yake. Ruthu akatoka na aproni yake, akapiga goti, akawaamkia wazee. Kwa desturi binti huulizwa swali moja tu.

"Unamfahamu mwenye barua hii?"

"Namfahamu, Baba."

"Bukoba ni mbali."

"Ni mbali, Baba."

Mzee akangoja aongeze neno. Ruthu hakuongeza. Mshenga alikuwa ameshaishika kofia yake kama mtu anayejiandaa kufukuzwa.

"Bartolomayo," Mzee Elieza akasema, "kamwambie kijana alete wazee wake." Akamgeukia binti yake, akageuza tena uso kuelekea dirishani. "Na wewe, ukifika huko, uwe unapiga mapema. Jioni sina shughuli yoyote."