Mkono Mweupe wa Mjusi Mweusi

Mjini Vienna hakukuwa na mwanamke aliyeijua sayansi ya wanyama kama mimi, Walburga, au Burgi kwa wenzangu. Niliijua kwa upande wa nyuma, maana kazi yangu ilikuwa kuosha vizimba vya panya, na panya hageuki kumsalimu msafishaji.

Jumba letu la utafiti lilikuwa kando ya bustani ya Prater, miaka ile kabla ya vita ya Kaiza. Chini, panya weupe walizalishwa na wa kijivu ili wakubwa wajue rangi ya manyoya hurithiwa vipi. Juu, kwenye mabeseni ya kioo, waliishi mijusi wa majini wenye matamvua shingoni. Hao ukiwakata mkono, unaota mwingine. Mume wangu alipolisikia hilo alisema afadhali mimi sina kipaji hicho, miwili ilikwisha kumtosha.

Daktari Hermine Tauber alikuwa mwanamke pekee ghorofa ile. Alitoa kichipukizi cha mkono kutoka kwa kitoto cheupe cha mjusi, akakipandikiza kwa kitoto cheusi. Vitoto vingine alivyovijaribu hivyo vilikufa vyote, huyu mmoja akaishi. Mkono ukakua mweupe kama maziwa, juu ya mwili wa makaa. Daktari alishikilia kwamba mkono hubaki na rangi ya ulikotoka. Profesa, mkuu wa jumba, akamwambia: ukibaki mweupe hadi vuli, nafasi ya kazi ni yako, ukigeuka, rudi kwenu Olmütz ukafundishe wasichana kushona.

Kiangazi mama yake Daktari akaugua. Ikabidi aende, akamwacha mjusi kwa Vinzenz, mlishaji wetu wa wanyama.

"Kila mmoja na beseni lake, Vinzenz. Ukiwachanganya wakasikia njaa, wanatafunana."

"Bi Daktari, mimi na hawa ni ndugu. Mke wangu mwenyewe ana wivu."

"Mke wako amuonee wivu mjusi?" nikamuuliza.

"Mjusi hanuni, Burgi."

Vuli ilipofika Daktari akarudi, bado amevaa koti la safari, akainama juu ya beseni. Mkono ulikuwa mzima, vidole vyote vinne, na mweusi tii. Vinzenz akavua kofia.

"Uligeuka polepole, Bi Daktari. Kama kahawa inavyoingia kwenye maziwa. Hata mimi roho iliniuma."

Naye akaamini. Wapinzani wake walikuwa wakimwambia tangu mwanzo kwamba mwili mweusi ungeutia mkono rangi. Kaona kwa macho yake, kamsikia mtu anayemwamini, akapanda ngazi moja kwa moja kwa Profesa kusema amekosea. Mpaka leo natamani angekunywa kahawa kwanza. Mwongo angejipa wiki ya kufikiri; yeye mkweli hakujipa hata muda wa kuvua koti. Profesa akampa mkono, na nafasi akampa kijana mmoja aliyechunguza kaa wa baharini, ambaye hata kaa wenyewe hawakumpenda.

Siku ya kuondoka, Daktari alikuja kumuaga Vinzenz na kumletea kasha la sigara, shukrani kwa kumtunzia mnyama. Mizigo yake ilikwisha tangulia stesheni. Nilikuwa nafuta sakafu pale pale, sakafu iliyokwisha takata.

"Nieleze, kwa faida yangu tu," alisema. "Weusi ulianzia wapi, vidoleni au begani?"

Vinzenz alikwisha washa moja, uso umemnawiri.

"Ah, mwanzoni vidole havikuwepo, Bi Daktari. Palikuwa na kinundu tu, kama punje ya pilipili manga. Halafu kikarefuka, kikajigawa, ukikitazama unacheka."

Daktari Hermine alikuwa anavaa glavu. Akaacha moja nusu.

"Vinzenz. Nilipoondoka mkono ule ulikuwa mzima, na vidole vinne."

Moshi ukamtoka Vinzenz puani.

"Uliwaweka pamoja."

"Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Anna," alisema. "Watu wote wako kwenye bustani za mvinyo. Nikasema beseni moja, nibadilishe maji mara moja tu..."

"Basi ule mweupe ulitafunwa, na huu mweusi mjusi ameuotesha mwenyewe." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nawe uliniambia uligeuka."

"Uligeuka, Bi Daktari," alisema Vinzenz, akiitazama sigara yake. "Ila kwanza ulitoka."